Ndimu, majivu na florini ya Bibi

Jumamosi moja ya mwaka 2014 nilikaa kibarazani kwa Bibi, Walukuba, pale Jinja. Mbele yangu sahani ya majivu, nusu ndimu, mswaki mkuukuu na sarafu ya fedha ya mwaka 1920. Nilikuwa naiosha. Kosa lenyewe ndilo hilo, nalitaja mapema usije ukangojea jambo kubwa zaidi.

Sarafu hiyo ilikuwa florini. Wengi hawaijui kwa sababu haikuishi. Huku tulikuwa tukitumia rupia. Mwaka 1920 ikaletwa florini kushika nafasi yake, na watu hawajalizoea hata jina, shilingi ikaingia, mbili kwa florini moja. Upande huu Mfalme George wa Tano na taji lake, upande wa pili simba na milima nyuma yake. Bibi aliachiwa na mama yake, naye akawa anaifunga kwenye pindo la leso kila anapotoka nyumbani. Ilikuwa na utando wa kijivu, ukingoni ukielekea buluu, kama shingo ya njiwa.

Wakati huo ugonjwa wa sarafu ulikuwa umenishika vibaya. Kukusanya sarafu ya kila mwaka na ya kila kiwanda kilichozipiga mfuko haukuruhusu, nikachagua njia ya maskini mwenye tamaa: sarafu moja tu kwa kila sura iliyowahi kutolewa. Nilikuwa na senti 25 ya Mfalme Edward wa Saba, ya enzi ambazo jina la Uganda lilichapwa kwenye sarafu yenyewe kabla hatujawa nchi. Nilikuwa na nusu senti ya 1908, ya aluminiamu, nyepesi hata unaogopa kupiga chafya karibu nayo. Shilingi ya simba ya 1924 niliipata kwa fundi redio. Ilibaki florini.

Bibi hakuwa mtu wa kutoa kitu kirahisi. Mwaka 1987 noti zilipobadilishwa, sufuri mbili zikakatwa na juu yake asilimia 30 ikaenda kodi, na akiba yake ya kuuza samaki Masese ikayeyuka akiitazama. “Hii haikatwi sufuri,” alikuwa akisema, akiigonga florini kwa ukucha. Nilimbembeleza majuma matatu. Mwishowe akasema, “Haya, nakuazima. Umesikia mjukuu wangu? Nakuazima.”

Binamu yangu alikuwa anasafiri kwenda London, na huko kuna mawakala wanaopokea sarafu kwa niaba ya kampuni za Marekani zinazozipima. Wapimaji huikagua sarafu, wakaipa alama kati ya 1 na 70, wakaifungia ndani ya kasha la plastiki gumu lenye namba yake. Kuanzia 60 kwenda juu ni zile ambazo hazijapita mikononi mwa watu. Ada yao kwa sarafu moja ilizidi bei ya sarafu zangu karibu zote, lakini nani aliyeshikwa na ugonjwa akapiga hesabu?

Sasa, Babu alikuwa askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku Afrika Mashariki, alipigana Burma, na katika nyumba ile kitu kisichong'aa kilikuwa aibu. Vifungo, bakoli, buti, hata kitasa cha mlango. Nitawapelekeaje wageni sarafu chafu? Nikasugua. Utando ukatoka kama ukoko wa sufuria, na florini ikawa nyeupe kabisa. Bibi akapita, akaitazama, akasema, “Afadhali.” Nilitaka kuendelea na nyingine, ila ndimu ilikuwa imekwisha na jua linazama.

Majibu yalikuja baada ya miezi minne, kwa picha za simu. Florini haikupewa namba. Palikuwa na maneno tu: imesafishwa. Sikuelewa hadi binamu aliponirudishia kasha na mimi nikaiweka chini ya taa na lenzi. Uso mzima wa mfalme ulikuwa na mikwaruzo myembamba kama nywele, yote ikielekea upande mmoja, ule mkono wangu ulikokwenda. Utando niliouona uchafu ndio uliokuwa ngozi yake.

Iliyonishangaza ni sarafu nyingine niliyoipeleka pamoja nayo, senti kumi ya 1936, ya shaba, yenye tundu katikati na pembe za ndovu zilizopinda kulizunguka. Ina jina la Edward wa Nane, mfalme aliyejiuzulu mwaka uleule kabla hajavikwa taji. Kwao Uingereza sarafu zake hazikutolewa zitumike, huku kwetu zilitumika sokoni, kwani penye tundu hapahitaji sura. Babu alizipanga kwenye uzi wa katani na kuzizungushia karatasi. Hii niliichomoa katikati. Ilipata 63. Ilikuwa ya kahawia iliyofifia, na bila shaka ningeisugua pia.

Nikaenda kumwonyesha Bibi.

“Wamesema nini hao wazungu?”

“Wamesema florini imeoshwa, Bibi.”

“Sasa walitaka iende na taka?” Akaligeuza kasha, akalitikisa karibu na sikio, akatafuta mahali pa kufungulia, hakupaona. “Na hii nitaifungaje kwenye leso?”

Nikaleta nyundo. Plastiki ile ni ngumu. Ilikubali pigo la nne, pale kizingitini. Bibi akaiokota florini, akaipangusa kwa kiganja, akaifunga pindoni mafundo mawili, akaniambia niokote vipande kabla watoto hawajavikanyaga.

Kwenye sanduku langu, kati ya senti 25 na shilingi, nafasi ya florini iko wazi hadi leo.