Goti moja, picha mbili, nyuzi tofauti

Wiki iliyopita mama mmoja aliingia chumba cha eksirei na bahasha mbili mkononi. Picha ya kwanza, aliyopigwa kwingine, ilisomwa kuwa goti la kulia lina matege ya nyuzi mbili. Ya pili, siku chache baadaye, nyuzi sita. "Mwanangu, ndo umepinda hivi kwa wiki moja?"

Haukupinda, mama. Ya kwanza ulipigwa umelala, ya pili umesimama. Ukilala, goti halibebi kitu. Ukisimama, uzito wote unashukia hapo, na upande wa ndani ambako gegedu, ule mto laini kati ya mifupa, imelika, mifupa inakaribiana, matege yanaongezeka.

Halafu ile ya kwanza ilikuwa picha fupi, ya goti peke yake. Mstari wa kupimia matege unatakiwa uanzie katikati ya kichwa cha fupa la paja, kule nyongani, ushuke hadi katikati ya goti, kisha uende katikati ya kifundo. Picha fupi haina nyonga wala kifundo, kwa hiyo msomaji anafuata fupa la paja, ambalo kwa kawaida limeinama nyuzi tano hadi saba kutoka kwenye mstari huo. Anapunguza sita kwa kila mtu. Ndo kukisia huko.

Kuchora mistari hakunisumbui. Wape madaktari wawili picha ileile ndefu, ya nyonga hadi kifundo, mara nyingi watapishana nyuzi moja au mbili tu. Kazi ipo kwenye kumsimamisha mgonjwa.

Vidole vya mguu siviangalii. Muundi wa mtu unaweza kuwa umejisokota, ukamwambia aweke miguu sambamba, goti likageukia ndani. Nashika kingo za pia ya goti kwa kidole gumba na cha shahada: "Samahani bibi, sogeza kisigino nje kidogo... hapo hapo." Pia ikitazama mbele, nakimbilia swichi kabla hajachoka. Kwa wale ambao goti halinyooki kabisa, na wenye magoti yaliyosagika wengi ndio hao, ukizembea hapa umeharibu: goti lililokunjika likigeukia nje linaonyesha matege yasiyokuwepo, likigeukia ndani linaficha yaliyopo.

Watu wanauliza nyuzi chache zina nini. Utafiti wa Chicago wa mwaka 2001 uliwafuata wagonjwa wenye magoti yaliyosagika kwa miezi 18, na uwezekano wa ugonjwa kuendelea upande wa ndani ulikuwa karibu mara nne kwa wenye matege. Na wapasuaji wanaobadilisha goti wamezoea kulenga mguu usipishane na mnyoofu kwa zaidi ya nyuzi tatu. Bahasha za yule mama zilipishana nne.

Siku hizi pembeni ya kila picha naandika: amesimama au amelala, goti linanyooka au halinyooki, pia inatazama wapi. Kuna daktari analalamika kwamba namjazia maandishi. Nitaendelea kuyajaza.