Siku moja na mililita mbili za alkoholi

Saa 1:00 asubuhi. Leo tunaua kwa alkoholi sehemu ndogo ya msuli wa moyo ulionenepa kwa ugonjwa wa kurithi (hypertrophic cardiomyopathy) hadi kuziba njia ya damu. Tunaanza na picha za eko, yaani za moyo kwa mawimbi ya sauti, mgonjwa akiwa bado wodini. Ukuta unaotenganisha ventrikali zake, vyumba viwili vya chini vya moyo, una unene wa milimita 19, na kila moyo unapojibana, pazia la mbele la vali ya mitrali, mlango wa kuingilia ventrikali ya kushoto, linavutwa hadi kuugusa. Hapo ndipo damu inaposongwa ikielekea aota, ateri kuu itokayo moyoni. Tofauti ya presha kati ya ventrikali ya kushoto na aota ni 40 mmHg akiwa ametulia, na hufika 90 akijikamua huku amebana pumzi. Dawa za kutuliza mapigo amefikishwa kwenye dozi ya juu anayoistahimili, na bado ngazi chache tu zinamwishia pumzi. Anastahili: tunahitaji 50 mmHg au zaidi, iwe katika utulivu au akichokozwa, na ukuta wa milimita 15 kwenda juu. Vali yenyewe ingekuwa na kasoro, au mishipa ya moyo ingehitaji upasuaji, tungempeleka kwa mpasuaji bila ubishi.

ECG, kipimo cha umeme wa moyo, tunaisoma mara mbili. Alkoholi mara nyingi hukata tawi la kulia la njia ya umeme wa moyo. Mtu ambaye tawi lake la kushoto limekwisha kufa atabaki bila njia yoyote, hivyo suala la peisimeka ya kudumu, kifaa cha kuusukuma moyo upige, lizungumzwe naye kabla hajapanda mezani.

Saa 2:30. Ethanoli safi ndani ya bomba la sindano haitofautiani kwa macho na maji ya chumvi. Kwa sababu hiyo ina trei yake, lebo yake, na mtu mmoja tu wa kuishika.

Saa 3:00. Ganzi, kisha waya wa peisimeka ya muda hadi ventrikali ya kulia. Tunashusha mkondo mpaka moyo uache kuitikia, halafu tunauweka angalau mara mbili ya hapo. Ncha isisukumwe kwa nguvu. Inaweza kutoboa, damu ikajaa kuzunguka moyo. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ni uniti 70 hadi 100 kwa kila kilo ya uzito.

Presha ya ventrikali ya kushoto tunaipima kwa katheta, mrija mwembamba, yenye tundu nchani. Ile yenye matundu mengi ubavuni hudanganya: baadhi ya matundu yakikaa juu ya sehemu iliyobana, tofauti inaonekana ndogo kuliko ilivyo. Ncha ikizama kwenye msuli, kosa linakuwa kinyume chake. Pigo moja la ziada hutoa ushahidi mzuri: katika pigo linalofuata, presha ya ventrikali inaruka juu, lakini mpigo kwenye aota unapungua.

Saa 4:00. Waya wa inchi 0.014 unaingia tawi la kwanza la ukuta, linalochipuka kutoka ateri ya mbele ya kushoto, mara nyingi kwa kona kali. Nyuma yake linafuata puto fupi, kipenyo milimita 1.5 hadi 2.5, kubwa kidogo kuliko tawi. Tunalijaza, tunautoa waya, tunadunga dawa ya rangi kupitia tundu la katikati ya puto. Hakuna hata tone linaloruhusiwa kurudi kwenye ateri kubwa.

Kisha tunadunga dawa ya kung'arisha eko, na kwa dakika hizi anayeshika eko ndiye mwenye neno la mwisho chumbani. Panapong'aa pawe pale pazia linapogusa ukuta. Uking'aa msuli unaoshika kamba za vali, au ukuta wa nje wa ventrikali ya kulia, tunaondoka na kujaribu tawi jingine. Lisipopatikana la kufaa, tunafunga kazi bila kudunga, na huo ni uamuzi wa kitabibu wa kuheshimiwa, kwa maana alkoholi ikishaingia hairudishwi.

Saa 5:00. Mofini kwanza, kwa kuwa kifua kitauma: tunasababisha mshtuko mdogo wa moyo kwa makusudi. Kipimo ni takriban mililita 1 kwa kila milimita 10 za unene, kwa hiyo leo ni chini kidogo ya 2, polepole, isizidi mililita 1 kwa dakika. Tangu daktari wa moyo Ulrich Sigwart aanzishe tiba hii London mwaka 1994, dozi zimepungua, na sawa kabisa: kovu kubwa lina hatari zake. Njia ya umeme ikikatika, mkono unasimama. Puto likiteleza, mkono unasimama pia.

Puto linabaki limejaa dakika 10 baada ya tone la mwisho. Likitolewa mapema, alkoholi inaweza kurudi na kuharibu sehemu yote ya mbele ya moyo. Baadaye tunapiga tena picha ya ateri na kupima: 90 imekuwa 20. Kushuka kwa nusu kunatosha. Hatuongezi dozi kutafuta sifuri.

Presha ikianguka, eko kwanza kutafuta damu nje ya moyo, halafu dripu na fenilefrini, dawa ya kubana mishipa ya damu. Dobutamini hapana: huufanya moyo ujibane kwa nguvu zaidi, na njia inazidi kuziba.

Saa 10:00 jioni. Familia inaelezwa kwamba tofauti ya presha inaweza kupanda tena siku za mwanzo kwa sababu ya uvimbe, kisha ishuke ukuta unapokonda. Eko ya kuamulia ni ya miezi mitatu. Ndugu wa damu wa karibu nao wapimwe, maana ugonjwa huu hurithiwa.

Saa 12:00 jioni. Makabidhiano kwa zamu ya usiku: waya wa peisimeka hauguswi hadi saa 48 ziishe, hata mapigo yakiwa mazuri. Takriban mmoja kati ya kumi huishia na peisimeka ya kudumu, na umeme huweza kukatika siku kadhaa baadaye, kwa hiyo monita inabaki mwilini siku tatu hadi tano. Mkondo upimwe kila zamu. Ukihitaji kuongezwa ghafla, ncha imesogea, tuitwe.