Wanawake Mbele

Mwanzoni mwa 2019 nilipigiwa simu kutoka Tanga kuambiwa kwamba nyumba ya marehemu baba, Ngamiani, imeshaamuliwa. Kaka yangu mkubwa alizungumza kwa upole kabisa. Nyumba itabaki kwa wanaume isije ikaingia mikononi mwa watu baki. Mimi niliolewa nikaachika, niko mbali, na Ulaya mtu hakosi. Nikamjibu, "Sawa kaka, Mungu atusimamie." Mabati ya nyumba ile nilinunua mimi. Na dini yetu, ambayo kaka ameisoma kunizidi, imemwekea mtoto wa kike fungu lake, nusu ya fungu la wa kiume. Hata hiyo nusu hakuitaja.

Nilikuwa nikilea wazee hapa London, shifti za usiku. Saa tisa usiku namgeuza bibi wa watu asipate vidonda vya kulala, na kichwani namjibu kaka. Majibu yenyewe makali, yamepangika, yana ushahidi. Kukicha yote yamepotea. Nikipiga simu naulizia watoto na mvua. Dada yangu, ambaye naye yuko huku na naye alinyimwa, alikuwa na neno moja tu: tumwachie Mungu.

Binti yake ndiye aliyenikuta siku moja jikoni kwangu nakata vitunguu huku nasema peke yangu. Yule amezaliwa huku, anapiga gita la besi kwenye bendi na marafiki zake, nywele kanyoa upande mmoja. Hakuniuliza nina nini. Alitoa simu, akaiegemeza kwenye chupa ya mafuta, akaniwekea wimbo. Unaanza na sauti ya msichana, taratibu, kwa adabu zote, akisema wako watu wanaoona kwamba wasichana wadogo waonekane tu, wasisikike. Kisha anapiga ukelele, magitaa yanaingia, na saksafoni juu yake.

"Ni wa 1977, Ma'mdogo," akaniambia. "Bendi inaitwa X-Ray Spex. Huyu alijiita Poly Styrene, lakini jina lake hasa Marianne Elliott-Said. Baba yake Msomali. Kakulia hapo Brixton, humu humu London."

Nikamwambia arudishe mwanzo. Sikuwa nafahamu kwamba katika muziki ule wa panki, ambao siku zote niliuona ni wa vijana wa kizungu wenye minyororo shingoni, alikuwamo binti wa Said, tena akiwa mstari wa mbele kabisa, na waya za kunyooshea meno mdomoni, akiimba kile kile nilichofunzwa tangu utotoni kwamba mtoto wa kike hakisemi. Nilikula chakula cha jioni mikono bado inanuka vitunguu, na ule ukelele haunitoki.

Wiki chache baadaye akaja na tiketi mbili. Bendi ya Bikini Kill, Brixton, mwezi wa sita.

Njiani alinipa historia yake yote, na nitaisema hapa kwa sababu ndiyo iliyonifanya nisikilize vizuri. Bendi ile ilianzishwa 1990 katika mji wa Olympia, jimbo la Washington, Marekani: Kathleen Hanna akiimba, Tobi Vail kwenye dramu, Kathi Wilcox kwenye besi, na mwanamume mmoja kwenye gita, Billy Karren. Hanna alikuwa amejitolea kwenye kituo cha kuwahifadhi wanawake waliopigwa na kubakwa, na yale aliyoyasikia kule hakuyaacha kule. Maonyesho ya panki wakati ule mbele palikuwa pa wanaume. Walisukumana, walipigana vikumbo, na mwanamke aliyetaka kusalimika alisimama ukutani. Hanna akawa anasimamisha muziki na kuamuru wanawake waje mbele, wanaume warudi nyuma. Waligawa karatasi za maneno ya nyimbo ili wanawake wajue kinachoimbwa. Kwa hilo walitukanwa na kurushiwa vitu jukwaani. Bendi ilivunjika 1997. Mwaka huo wa 2019 ndio walikuwa wamerudi, na gita safari hiyo alilipiga Erica Dawn Lyle.

Ilikuwa mvua siku hiyo, ile ya London isiyo na nguvu wala haina mwisho. Tulipita sokoni, wauza samaki wanamwaga barafu, magimbi na ndizi mbichi zinaingizwa ndani. Nilikuwa nimefunga sita, zile funga sita za baada ya Ramadhani, kwa kuwa Idi ilikuwa ndiyo kwanza imepita, na jua la Juni London linatua saa tatu na robo usiku. Kwa hiyo mkobani nilikuwa na kikopo cha tende. Baunsa mlangoni akakifungua, akakitazama, akanitazama mimi na ushungi wangu. Nikamwambia nimefunga. Akakifunika vizuri, akanirudishia kwa mikono miwili.

Ukumbi wa Brixton ulifunguliwa 1929 kuwa sinema, na sakafu yake imeteremka kuelekea jukwaani. Mtu mfupi kama mimi anaona. Sikuona kijana mmoja aliyetusukuma. Wanawake walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kuona mahali pa muziki huku, na si wasichana peke yao: rika langu walikuwapo, wenye mvi, wenye miwani ya kusomea imening'inia kifuani, wakiwa na mabinti zao. Wanaume walikuwapo pia, wamesimama nyuma na pembeni, wametulia. Mwanangu akanishika mkono tukashuka mpaka karibu kabisa na jukwaa. Simu yangu ikaadhini humo humo. Nikatia tende mdomoni, nikampa na mama wa jirani, mtu nisiyemjua, akaipokea akala bila kuuliza. Bendi ikapiga.

Nilishasikia kelele maishani. Hii niliisikia kwenye pini ya ushungi. Ilikuwa ikitetemeka chini ya kidevu, kila mpigo wa besi, nikaishika kwa vidole viwili nisije nikachomwa. Hanna ana sauti mbili: moja nyembamba ya mtoto anayedeka, nyingine ya mtu aliyechoka kuombwa awe na subira, na anatoka moja kwenda nyingine katikati ya neno. Baadhi ya nyimbo Tobi Vail aliacha dramu akaja mbele kuimba yeye, mwenziwe akakaa kwenye dramu. Hawakuwa wakitabasamu kwa ajili ya mtu. Kwa kweli hilo ndilo nililolitazama kuliko yote. Mwimbaji wa kike nimezoea kumwona anaimba maneno makali uso umekunjuliwa, na mkono unapokea tunzo.

Nimekulia Tanga, mji wa Black Star na Lucky Star, vikundi vya taarabu. Muziki wa wanawake nimenyonyeshwa nao. Katika taarabu nani anakwenda mbele? Wanawake. Hakuna aliyewahi kutuamuru; ukipigwa wimbo wako unainuka na noti yako, unatembea kwa madaha mpaka kwa mwimbaji, unamtunza, na wakati huo jicho linamtafuta uliyemkusudia. Enzi za mipasho, miaka ya tisini, Khadija Kopa yuko kundi la TOT na Nasma Khamis yuko kundi la Muungano, tulizijua nyimbo zao hadi mahali pa kuvuta pumzi. Siruhusu mtu aniambie wanawake wa pwani hawakuwa na pa kuitolea hasira. Tulikuwa napo, tena pana taa na viti.

Lakini pale Brixton nilijiuliza, hasira ile ilikwenda kwa nani? Kwa mke mwenza. Kwa jirani. Kwa wifi. Mume aliyewaweka wake wawili gizani alikuwa amekaa kiti cha nyuma anakunywa soda, hajaguswa. Waliothubutu kumgusa mwenye kosa walikuwapo, na wa kwanza wao ni Siti binti Saad. Bibi yangu alikuwa akiimba "Kijiti" akichambua mchele. Ule ni wimbo wa mwanamke mgeni aliyeuawa Unguja, na Siti alimtaja muuaji kwa jina, yule aliyekwishavuka bahari akenda zake bila kushikwa. Alimtaja. Santuri zake zilirekodiwa Bombay tangu 1928, kabla ukumbi ule wa Brixton haujafunguliwa. Kwa hiyo sikuhitaji wazungu wa Olympia wanifunze kwamba mwanamke anaweza kumtaja mtu. Walichonipa ni mahali pa kukumbuka, na kelele za kutosha.

Ulipofika "Rebel Girl", wimbo ambao ukumbi mzima uliujua, wanawake walianza kuruka. Yule mama niliyempa tende alikuwa akilia na kuimba kwa pamoja, mdomo wazi, kamasi hafuti. Mimi maneno siyajui. Kila mtu amefungua kinywa, na mimi nina kinywa. Nikasikia nimepiga kelele kwa nguvu zangu zote, "Nyumba ya baba!" Nikarudia. "Nyumba ya baba! Na mabati yangu!" Hakuna aliyegeuka, katika zogo lile hata king'ora kisingesikika. Ila mwanangu alikuwa ameniegemea, alisikia. Kiswahili chake si kizuri. Akanitazama usoni, kisha akageukia jukwaani akapiga kelele na yeye: "Nyumba ya baba!" Tulisema hivyo mpaka wimbo ukaisha, sauti zikatukauka.

Kwenye basi hatukuzungumza sana. Alinunua chipsi tukala, mvua inapiga kioo. Akaniuliza, "Ma'mdogo, ile nyumba, na mama ana haki?" Nikamwambia, "Ana haki."

Asubuhi yake sikuwa na shifti. Nilisali, nikanywa chai, nikampigia kaka kabla hajatoka kwenda dukani. Alianza na salamu, nikaitikia zote, maana kaka ni kaka. Akasema mvua huku Tanga imezidi.

"Kaka, leo sikupigii kwa habari ya mvua. Baba kaacha watoto watano. Mama alitangulia. Wanaume watatu, kila mmoja mafungu mawili, hayo sita. Wanawake wawili, kila mmoja fungu moja. Mafungu manane. Moja langu, moja la dada. Nayataka."

Alinyamaza. Kisha akasema, "Mdogo wangu, nani amekujaza maneno?"

"Sijajazwa. Nimeyamwaga."

"Mambo ya nyumbani hayapelekwi hivyo. Utawatia watu aibu."

"Aibu itakuwa siku mirathi ikifunguliwa Mahakama ya Mwanzo na majirani wamekaa kwenye benchi. Risiti za mabati ninazo."

Nikasikia mlango wa duka kwa nyuma, na pikipiki inapita. Mkono wangu haukuwa ukitetemeka, niliutazama makusudi.

"Nipe mwezi mmoja," akasema, "nizungumze na wadogo zako."

"Wadogo zangu nimeshazungumza nao, kaka. Nakupa mpaka Ijumaa."