Leo Hapa Tunapiga Samli

Shangazi alijibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniuma. Tulikuwa jikoni na vileja vya sikukuu, mgeni wetu Mjerumani, mtafiti, kakaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, daftari magotini. Akauliza, "Bi, nyumba hii mnakipigia kura chama gani?" Shangazi hakuinua uso. "Mwanangu, leo hapa tunapiga samli."

Wiki nzima imepita, mimi bado niko kwenye maneno yale. Alimfukuza au alimfunza?

Na kweli samli ilitaka mtu. Nusu kilo ya unga wa mchele kwa robo samli na robo sukari, viini viwili vya mayai, hiliki kijiko cha chai. Samli iwe imeganda, uipige na sukari mpaka iwe nyeupe, ndipo utie viini, kisha unga kidogo kidogo. Ikiwa imeyeyuka, vileja hutambaa kwenye treya. Unga wenye chenga huvipasua, vikamegukia mkononi, ndiyo maana Shangazi huchekecha mara mbili. Makaa mengi huwekwa juu ya bati, chini machache.

Mgeni karatasi zake zimetimia. Ana kibali cha utafiti cha Zanzibar, si cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, peke yake, na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wetu, kakiona. Lakini sheha huteuliwa na Mkuu wa Mkoa, hachaguliwi na watu. Ukipita naye nyumba kwa nyumba, watu wanakuhesabu upande wake. Akutambulishe, kisha uende zako. Swali la chama nalo hapa Wete, Pemba, si dogo. Januari 2001 watu walipigwa risasi mji huu huu. Kabla ya Maridhiano, yaani mapatano ya vyama, watu wa CCM, chama tawala, na wa CUF, chama cha upinzani wakati huo, walikuwa hawazikani, hawaendeani harusini. Rais Karume wa Zanzibar na Maalim Seif, kiongozi wa CUF, wakakutana Novemba 2009, Julai 2010 kura ya maoni ya serikali ya umoja wa kitaifa ikapita kwa asilimia 66, watu wakapumua. Uchaguzi wa 2015 ulipofutwa, kususiana kukarudi. Mtu aliyeishi hayo na majirani wale wale atalijibuje swali hilo mbele ya kalamu?

Basi mgeni akafunga daftari, akaomba mwiko. Akapiga samli mpaka mkono ukamlemea, Shangazi akimwelekeza, "Upande mmoja tu, usigeuze." Jioni mchele wa zakatul fitri ulikuwa umeshapimwa, pishi moja kwa kila kichwa, karibu kilo mbili na nusu, utoke kabla ya swala ya Idi. Tukapanga sahani za majirani. Shangazi akaishika moja, akasema bila kuulizwa: "Hii ya nyumba ya mkabala. Miaka ile ilikuwa haivuki njia. Wao hawaleti, sisi hatupeleki, na watoto wetu chuo kimoja cha Qurani." Kisha akaifunika kawa, akamkabidhi mgeni aipeleke yeye.

Nilifurahi mno. Mwenye nyumba ya mkabala alimpokea kwa mikono miwili, akamkalisha, akamtilia kahawa, na sahani ikarudi na kaimati.