Programu za simu kwa mgonjwa wa upasuaji: kagua kabla ya kuamini

Nyota tano kwenye duka la programu hazithibitishi kwamba maelekezo yaliyomo ni sahihi. Anza na jaribio dogo: tafuta inasema nini kuhusu kufunga kabla ya nusukaputi. Kwa mtu mzima asiye na tatizo maalumu, mlo mwepesi huachwa saa 6 kabla, maji matupu saa 2. Ikikwambia unywe maziwa saa 2 kabla, ifute. Agizo la hospitali yako ndilo la kufuata.

Picha za kidonda ndizo zinazotutia wasiwasi zaidi. Programu ikitegemea wekundu, kwenye ngozi nyeusi inaweza kutoa jibu la "salama" huku usaha ukijikusanya, kwa sababu wekundu huo hauonekani vizuri. Piga picha mchana karibu na dirisha, bila flashi, umbali ule ule kila siku, rula ikiwa kando bila kugusa kidonda. Kisha nawa mikono, upapase ngozi ya pembeni: kuna joto, uvimbe, maumivu yanayozidi? Homa ya nyuzi 38, usaha au mshono kuachia havisubiri jibu la simu, nenda hospitali. Endelea kuangalia kwa siku 30, au 90 ukiwekewa kiungo bandia.

Uliza pia nani anapokea picha hizo, na saa ngapi. Mtandao ukikatika, picha inaweza kubaki kwenye simu huku mgonjwa akidhani daktari ameshaiona.