Tenywa Yuko Wapi?

Walukuba, Jinja, Uganda. Jumamosi usiku.

Leo nimefuta kurasa 11 na moyo umetulia. Ni hadithi ya mzee wa hapa kwetu, mfumaji mstaafu wa kiwanda cha nguo kule Njeru. Nimekuwa naye tangu Pasaka. Hadithi ilikuwa na kila kitu: msiba, siri, shamba linalogombewa. Mzee mwenyewe ndiye hakuwamo. Nilimsukuma ukurasa hadi ukurasa kama mkokoteni, nikiacha kusukuma naye anasimama.

Si kwamba sikumhangaikia. Daftarini nilimjazia ukurasa mzima: miaka 81, mrefu, anapenda chai ya tangawizi, mkali kwa watu lakini mpole moyoni. Hilo la mwisho nililipigia mstari, nikadhani nimempata. Sasa nikilitazama naona halina kitu ndani. Upole wa moyoni haumwinui mtu kitini asubuhi.

Wiki iliyopita nilimsomea shangazi mwanzo wa hadithi. Shangazi anauza mukene, dagaa wa hili ziwa letu, na jioni hukaa barazani na ungo wake akiwachambua. Sikumaliza hata aya moja. Nilifika pale "Mzee Waiswa aliketi chini ya mwembe", akaniuliza bila kuinua macho:

"Tenywa yuko wapi?"

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Huku Busoga, Waiswa ni mtoto wa kiume aliyetangulia kutoka katika pacha, na Tenywa ni yule aliyemfuata, kama Watanzania wanavyosema Kulwa na Doto. Wakiwa wa kike ni Babirye na Nakato. Hata baba na mama yao hubadilika majina, wakawa Isabirye na Nabirye. Haya yote nayajua, nimesoma darasa moja na akina Waiswa watatu. Lakini jina nililichukua kwa sababu linapendeza mdomoni, basi. Nilikuwa nimeandika kurasa 40 za mtu aliyezaliwa na mwenzake, na mwenzake sijamtafuta hata mara moja.

"Alikufa mdogo," nikajibu haraka.

Shangazi alikulia Mukono, na kwa Waganda pacha hasemwi kuwa amekufa. Husemwa ameruka. Akanirekebisha hilo kwanza. Kisha akasema, "Na kwa nini umwondoe upesi hivyo, mwanangu? Hapa mtaani wangapi wana ndugu wazima wasiosemezana nao?"

Usiku ule sikupata usingizi. Alikuwa amenishika pabaya, maana ndivyo ninavyofanya siku zote: nikikwama, naua mtu. Marehemu hanidai kitu. Ananipa huzuni ya bure, halafu ananyamaza. Ndugu aliye hai ana nyumba, ana mke, ana baiskeli, na ana maneno yake kuhusu yaliyotokea. Huyo lazima umfanyie kazi.

Basi nikamhamishia Tenywa Njeru, ng'ambo ya Nile. Mara tu alipokaa kule, nikaona jambo ambalo halikuwa daftarini: Waiswa havuki mto. Miaka ya kazi alivuka kila siku kwa baiskeli, juu ya bwawa la Owen Falls, lile lililofunguliwa mwaka 1954. Alipostaafu aliacha kabisa. Daraja jipya la kamba za chuma lilifunguliwa mwaka 2018, na watu walitoka mbali kuja kulitazama. Yeye analiona kwa upande huu tu. Mjukuu wake alipooa Kampala, alisema magoti yanamsumbua. Sikumsukuma. Alikataa mwenyewe, nami nikabaki namwangalia.

Jumatano nikaenda na sukari na mkate kwa mzee mmoja jirani, ambaye kweli alifanya kazi kwenye mashine za kufuma. Nilitaka habari za kiwanda: zamu, mishahara, king'ora. Niliyoyapata ni mengine. Mzee anaongea kwa sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na muda wote alinitazama mdomo, si macho. Nikadhani ndiyo tabia yake. Binti yake akanieleza nikiwa natoka: ni zile mashine. Ndani ya ukumbi wa kufuma, mtu hasikii hata akipigiwa kelele sikioni. Walizungumza kwa mikono na kwa kusomana midomo, na baada ya miaka mingi masikio hayakurudi.

Niliporudi nyumbani nikafungua sehemu ya msiba. Waiswa anamwinamia mpwa wake katikati ya waombolezaji na kumnong'oneza siri ya shamba. Kurasa 11 zote zinategemea ule mnong'ono. Mzee wangu hawezi kunong'ona! Angejaribu, uwanja mzima ungesikia, mpaka wapishi kule kwenye masufuria ya matoke. Nilizunguka siku tatu nikitafuta njia ya kuziokoa. Leo nimezifuta.

Na lugha pia. Walukuba ilijengewa wafanyakazi waliotoka kila upande, Wasoga, Wajaluo, Waacholi, Wateso, Wasamia, kwa hiyo Kiswahili kikawa lugha ya uani na ya bombani. Si Kiswahili cha vitabuni. Waiswa wangu alikuwa anaongea kama msoma habari wa redio ya Dar es Salaam, kila kitu kimepatana ngeli. Naogopa kidogo msomaji wa Tanga atadhani sijui kuandika. Lakini mzee aliyejifunza Kiswahili kati ya mashine na foleni ya maji hasemi "Sikuyasikia maneno hayo." Anasema, "Mimi hapana sikia hiyo maneno."

Niliandika sentensi hiyo pembeni ya karatasi, kwa ajili ya sauti yake tu. Nikaiangalia, nikaiangalia tena. Ikaanza kunuka uongo.

Jioni hii nimemsomea shangazi yaliyopatikana. Mama yao alikufa usiku, kijijini upande wa Iganga. Tenywa alikuwa likizo, yupo kando ya kitanda. Akatuma kijana kiwandani, kijana akaingizwa mpaka kwenye mashine ya Waiswa na kumwambia usoni: mama hayupo, njoo. Waiswa alikuwa kwenye zamu yenye malipo ya ziada, na mwezi ule alikuwa na deni. Akamaliza zamu. Akashika na iliyofuata. Alifika kijijini siku ya tatu, kaburi limekwisha kufunikwa, na mbele ya watu wote akasema lile neno lake: Mimi hapana sikia. Mashine ilikuwa na kelele. Watu wakamwonea huruma, na tangu siku hiyo hakuna aliyemuuliza tena.

Shangazi alikuwa amefika chini ya ungo, pale penye mchanga na vipande vya magamba ya konokono. Akavitoa kimoja kimoja.

"Huyo Tenywa," akasema, "yeye alikuwa anafanya kazi gani?"

"Hiyo hiyo. Kiwanda hicho hicho, ukumbi mmoja."

Mkono wake ukasimama juu ya ungo.

"Kumbe anajua," akasema.