Dalali wa Leeds na hesabu za Katuba

Mdogo wangu ni muuguzi huko Leeds, Uingereza, na mimi ni mhasibu wa kampuni ya malori hapa Lubumbashi, Kongo. Kwa sababu hiyo kila kitu chenye tarakimu katika familia yetu huishia kwenye simu yangu: karo za watoto, bei ya jeneza, mgawo wa likelemba, yaani mchango wa kupokezana. Agosti 2022 ikawa zamu ya nyumba. Yeye na mume wake walikuwa wamechoka kulipa kodi. Walikuwa wameweka akiba ya pauni 19,000, na wamepata nyumba ya pauni 190,000, ya matofali mekundu, iliyobanana na za majirani kulia na kushoto. Pauni 171,000 zilizobaki zingetoka banki na kulipwa kwa miaka 30.

Alichonitumia kwanza ni picha za skrini za tovuti ya kulinganisha bei. Waingereza wana tovuti za namna hiyo kwa bima ya gari, kwa umeme, kwa kadi za banki, na kwa mikopo ya nyumba pia. Unaandika bei ya nyumba, akiba uliyonayo na miaka unayotaka kulipa, halafu jedwali linatokea, riba ndogo juu, kubwa chini. Mtu wa Lubumbashi amezoea kutembea juani nyuma ya komisionere, dalali wetu wa nyumba, anayedai pesa ya kuonyesha nyumba hata kama mlango haukufunguliwa. Jedwali lile lilinipa raha. Nilikaa nalo mpaka mega za intaneti zikaisha.

"Yaya, hii ya juu kabisa si ndiyo ya bei rahisi?"

Yaya kwetu ni ndugu mkubwa. Nilimwambia asubiri. Mkopo wa juu kabisa ulikuwa wenye riba ndogo, na riba ndogo bado haijakuambia utalipa jumla ya shilingi ngapi, kama tulivyokuwa tukifundishwa na mwalimu wetu Mtanzania. Pia pale chini, kwa herufi ndogo, tovuti yenyewe ilisema kwamba hulipwa na kampuni inazozipelekea wateja. Sikukasirika. Kila anayesimama katikati anakula mahali. Nilitaka tu kujua sahani iko wapi.

Na kitufe alichobonyeza kilimfikisha kwenye fomu, wala si banki: jina, simu, mshahara, kazi ya mume. Kesho yake, akiwa kwenye mapumziko wodini, madalali wa mikopo wakaanza kumpigia.

Wa kwanza alikuwa bwana mmoja mpole, msemaji, anayekumbuka majina ya watoto. Kufikia jioni alikuwa ameshapata mkopo: riba ya asilimia 3.89, isiyobadilika kwa miaka 2. "Amesema nafasi kama hii haikai," mdogo wangu akaniambia. Wimbo huo tunaujua. Wa kwetu husema kuna mteja mwingine anakuja saa kumi na feza mkononi.

Mama alikuwa kwangu jioni ile, anachambua mchele, na simu ilikuwa kwenye spika. Aliposikia miaka 30 akaacha mchele.

"Deni ya miaka makumi tatu? Mutoto, utaimaliza ukiwa nkambo!"

Inabidi kumwelewa mama. Baba alikuwa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali. Mwaka 2003, kampuni ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya elfu kumi kwa mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, naye alichukua bahasha yake akaondoka. Bahasha hiyo ilinunua mabati na saruji. Kuta zilikuwa zimeanza zamani, kwa matofali ya kuchoma, yale ya udongo wa kichuguu, mwaka huu chumba, mwaka ule dirisha. Katika mtaa wetu wa Katuba simjui hata mmoja aliyejenga kwa mkopo wa banki. Banki zetu hukopesha kwa dola, kwa mtu ambaye mshahara wake unapita kwao, na kwa miaka michache. Na ukitaka kuweka nyumba rehani wanataka cheti cha usajili, si karatasi ya mtaa yenye muhuri wa chifu. Kwa mama, mwenye deni ni mtu aliyeshindwa. Kwa mdogo wangu, deni ndiyo njia pekee ya kumiliki mlango kabla ya kustaafu. Niliwaacha wakibishana, mmoja Katuba mmoja Leeds, nikafungua kompyuta.

Hesabu zenyewe hazikuwa ngumu. Mkopo wa yule bwana ulikuja na ada ya banki ya pauni 999, na juu yake ada yake mwenyewe ya pauni 495. Malipo ya kila mwezi yangekuwa kama pauni 806. Chini zaidi kwenye jedwali lile lile kulikuwa na banki nyingine: asilimia 4.19, miaka 2 vilevile, bila ada yoyote, malipo pauni 835. Tofauti ni pauni 30 hivi kwa mwezi, yaani kama 710 kwa miaka yote 2. Tuwe wa haki: kwa riba ndogo deni lenyewe nalo linapungua haraka kidogo, na hiyo ni faida nyingine ya pauni 300 hivi. Jumla ya faida, takriban pauni 1,020. Ili uipate, unalipa 1,494.

Tena bwana alikuwa amependekeza ile 999 iingizwe ndani ya mkopo, "hutaisikia". Kweli usingeisikia, ungeilipia riba miaka 30.

Nilimtumia mdogo wangu ukurasa ule mmoja wa hesabu. Alikaa kimya mtandaoni, alama mbili za bluu tu. Kisha: "Sasa kwa nini ananisukumia hiyo?"

Nilitaka kumuuliza mwenyewe. Tulipanga simu ya watu watatu siku ya Jumamosi. Umeme ulikuwa umekatika mtaani kwetu, kwa hiyo nilikaa ndani ya gari nikichaji simu, daftari juu ya usukani, mdogo wangu akitafsiri Kiingereza kwa Kiswahili na Kiswahili kwa Kiingereza. Kabla ya hapo alikuwa ameitafuta namba ya kampuni ya bwana yule kwenye daftari la FCA, mamlaka inayosimamia biashara hiyo Uingereza, akaikuta. Hakuwa tapeli. Tapeli angenirahisishia kazi.

"Mwambie namsalimia," nikasema. "Mwulize, nani anamlipa?"

Lazima niseme, alijibu vizuri. Sheria yao inamtaka aseme, na yote yalikuwa kwenye karatasi aliyokwisha kuituma, ukurasa ambao hakuna anayefika. Analipwa na mteja, zile 495. Analipwa na banki, mkopo ukikamilika. Na familia ikichukua bima ya maisha kupitia kwake, kampuni ya bima nayo inamlipa. Sehemu tatu! Nilifikiria komisionere wetu wa Kamalondo, anayechukua kodi ya mwezi mmoja kwa mpangaji na kitu kidogo kwa mwenye nyumba halafu tunamwita mwizi.

Hiyo bima ndiyo iliyonishughulisha. Mdogo wangu alikuwa ameelewa kwamba mkopo hauwezi kutoka bila bima ya maisha. "Mwulize, banki ndiyo imeidai, au ni ushauri wake?" Akauliza. Ikaja sentensi ndefu, na mdogo wangu akacheka katikati ya kuitafsiri. Banki inadai bima ya jengo tu, moto na mafuriko. Ile ya maisha ni ushauri. Ushauri mzuri, sikatai. Wana watoto wadogo wawili. Lakini muuguzi wa NHS, huduma ya afya ya serikali yao, aliye kwenye pensheni yao, akifa akiwa kazini, familia yake hupewa malipo ya takriban mishahara yake ya miaka miwili. Dalali anayekuuzia bima ya kifo bila kukuuliza tayari una nini ameruka swali la kwanza kabisa.

Tulimshukuru, tukasema tutafikiri.

Sasa, nisije nikaonekana nawachukia madalali wa mtandaoni wote. Wa pili alitoka kwenye fomu ile ile, alichelewa tu kupiga. Alikuwa mwanamke, sauti ya mtu aliyechoka, hana maneno mengi. Hakuanza na riba. Alianza na kibali cha kuishi: ni cha muda au cha kudumu? Halafu mume: mshahara wa ghala ni kiasi gani, na kiasi gani ni saa za ziada za usiku? Shemeji yangu hupata karibu theluthi ya pesa zake kwenye saa za ziada. Kuna banki zinazihesabu zote, nyingine nusu, nyingine hazitaki hata kuziona. Jedwali halikuwa limeuliza hayo yote. Ile banki ya juu kabisa, alisema, ingewakatalia baada ya kukagua rekodi yao ya mikopo, na ukaguzi kamili kama huo huacha alama ambayo banki inayofuata itaiona.

Mdogo wangu, ameshajifunza, akauliza mwenyewe nani anamlipa. Mteja halipi kitu. Banki humpa kama pauni 600 kwa mkopo wa ukubwa ule, siku mkopo unapotoka. "Tusipomaliza?" Hapati kitu.

"Huyo njo komisionere ya kwetu," mama akasema kutoka jikoni.

Naye alitaka tumalize, sijidanganyi. Lakini alichopendekeza kilipita kwenye kompyuta yangu bila kukwama: asilimia 4.29, isiyobadilika kwa miaka 5, bila ada, pauni 845 kwa mwezi. Mdogo wangu hakuipenda. Ilikuwa katikati ya jedwali, na mtu aliyeona 3.89 kwa macho yake huona 4.29 kama kuibiwa. Tulivutana. Nilimwonyesha kitu kimoja tu: kuanzia Desemba 2021 hadi Agosti 2022 banki kuu yao ilikuwa imepandisha riba mara 6, kutoka asilimia 0.1 hadi 1.75. Miaka 2 ikiisha unatupwa kwenye riba ya kawaida ya banki, ambayo ni kubwa, au unatafuta mkopo mpya kwa bei ya siku hiyo. Nani anajua siku hiyo? Miaka 5 angalau watoto watakuwa wameingia shule wote. Shemeji ndiye aliyekata shauri. Alisema anataka kulala.

Maombi yalikwenda mwanzoni mwa Septemba. Banki ikatuma mtu wa kuthamini nyumba, na barua ya kukubali ikafika wiki ya tatu.

Septemba 23, waziri wa fedha Kwasi Kwarteng alisimama bungeni London akatangaza kupunguza kodi nyingi kwa pamoja, bila kueleza vizuri pengo litazibwa na nini. Mimi sikufuata hotuba. Niliijua kwa njia ya mama. Mdogo wangu humtumia pauni kila mwezi, na hapa zinatoka dola. Jumatatu iliyofuata, tarehe 26, pauni ilianguka hadi karibu dola 1.03, chini kuliko wakati wowote. Mama alihesabu noti pale dirishani, akahesabu tena, akanipigia.

"Mudogo wako amenipunguzia?"

Hakuwa amepunguza. Nilipokuwa najaribu kumweleza mama soko la fedha la London, Leeds nako banki zilikuwa zinaondoa mikopo sokoni kwa mamia. Mwanzoni mwa Oktoba wastani wa riba ya miaka 2 ulipita asilimia 6. Nilipiga hesabu kwa udadisi tu: pauni 171,000 kwa asilimia 6 ni pauni 1,025 kwa mwezi. Wao walikuwa na barua ya 845, na banki iliiheshimu. Yule dalali wa kike hakutabiri hayo, wala mimi sikutabiri. Alikuwa tu amepeleka makaratasi mapema na hakuwa na sababu ya kuwapeleka kwenye banki ya kuwakatalia.

Bwana wa kwanza alituma ujumbe wiki ile: mikopo inapotea, tufanye haraka. Hilo la haraka safari hii lilikuwa kweli. Mdogo wangu alimjibu kwa adabu kwamba wameshapata. Bwana akauliza kama wana bima.

Funguo walizipata Desemba. Mama alitembezwa nyumba nzima kwa video, akasifu jiko, akasema ngazi ni nyembamba, atapitaje maiti. Kisha akauliza cheti kiko wapi. Mdogo wangu akamweleza kwamba huko nyumba husajiliwa kwenye kompyuta ya serikali, hakuna cheti cha kushika, na rehani ya banki nayo imeandikwa humo humo chini ya majina yao.

"Nyumba bila karatasi," mama akasema, akanirudishia simu.

Ilibidi shemeji achapishe ule ukurasa wa usajili na kumpa mtu aliyekuwa anakuja Lubumbashi kwa Noeli. Mama aliusoma kwa miwani, akaona jina la banki, akauliza kama mwaka 2052 atakuwepo mtu wa kwenda kulifuta. Nimeandika tarehe kwenye daftari la ofisi.